Namba za umbali na vizuizi vya biashara zinapogoma: dalili, visababishi na tiba

Anayepima umbali katika mtandao wa biashara ya kimataifa ana rula nne mkononi, na mara nyingi hajui ameshika ipi. Ya kwanza ni kilomita. Ya pili ni gharama: nauli ya meli, siku za safari, ushuru wa forodha. Ya tatu ni kizuizi kinachokisiwa kwa kurudi nyuma, yaani tunaangalia biashara iliyofanyika kisha tunauliza ni kizuizi cha ukubwa gani kimeifanya iwe ndogo hivyo. Ya nne ni umbali wa ndani ya mtandao wenyewe, ambako nchi mbili zinazouziana sana huhesabiwa kuwa jirani hata kama bahari nzima iko kati yao. Hitilafu nyingi hutokana na kuchanganya rula hizi, au na kusahau kwamba kizuizi hupimwa kwa kulinganisha tu. Hakuna "mbali" bila "mbali kuliko wapi".

Chombo cha kawaida ni modeli ya mvutano, ambayo Jan Tinbergen aliitumia kwa biashara ya nchi na nchi mwaka 1962: biashara hukua kadiri chumi mbili zinavyokuwa kubwa na hupungua kadiri zinavyokuwa mbali. Kizigeu cha umbali, yaani namba inayokaa mbele ya logi ya umbali, kina makazi yake yanayojulikana. Wanauchumi Disdier na Head walikusanya makadirio 1,467 kutoka kwenye machapisho 103 na kupata wastani wa takribani -0.9. Maana yake, umbali ukiongezeka maradufu biashara hubaki kama asilimia 54 ya ilivyokuwa. Ukipata -0.2 au -2.5 kwa biashara ya bidhaa zote, usianze kuandika ripoti. Anza kukagua.

Dalili: kizigeu cha umbali kiko karibu na sifuri, au kina alama ya kujumlisha

Kabla ya kulaumu nadharia, kagua safu ya kilomita. Nusu ya mzingo wa dunia ni kama kilomita 20,015 (radiasi ya 6,371 mara pai), kwa hiyo jozi yoyote inayozidi hapo ina kasoro. Kosa la kwanza ni kuingiza nyuzi kwenye sine na kosine bila kuzigeuza kuwa radiani. Hili huonekana haraka kwa sababu namba hutoka za kipuuzi kabisa.

Kosa la hatari zaidi ni kubadilishana latitudo na longitudo, kwa sababu namba zinazotoka huonekana za kweli. London na New York zimeachana kwa takribani kilomita 5,570. Ukizipindua safu utapata kama 8,250, na hakuna atakayeshtuka. Lakini usitumie jozi hiyo kupima kama alama ya kutoa ya magharibi imepotea. London iko karibu na longitudo 0, hivyo New York ikihamia mashariki jibu halitikisiki. Tumia Tokyo na Los Angeles: jibu sahihi ni kama kilomita 8,800, na alama ikipotea utapata chini ya 2,000. Jozi hizi mbili kwa pamoja hukamata karibu makosa yote ya latitudo na longitudo.

Maili au kilomita? Ukiwa ndani ya logi haijalishi, mradi jozi zote zitumie kipimo kimoja: kizigeu hakisogei, kinachosogea ni namba ya mwanzo ya mlinganyo. Shida huja pale faili mbili zinapounganishwa, moja ya kilomita na nyingine ya maili za baharini (moja ni mita 1,852).

Dalili: umbali wa jozi unaruka mwaka mmoja ilhali ardhi haijasogea

Umepima kutoka mji mkuu hadi mji mkuu, na mji mkuu umehama. Nigeria ilihamia Abuja kutoka Lagos mwaka 1991, na Kazakhstan ikaondoka Almaty mwaka 1997. Makontena hayakuhama. Hata pasipo kuhama, mji mkuu mara nyingi ni nanga mbaya: kupima biashara ya Marekani na Japani kuanzia Washington ni kusahau kwamba pwani ya magharibi ipo.

Tiba ni umbali wenye mizani: chukua miji mikubwa ya kila nchi, pima kila mji na kila mji, kisha upe kila jozi uzito wa idadi ya watu. Hifadhidata ya CEPII (kituo cha utafiti wa uchumi cha Ufaransa) inayoitwa GeoDist inatoa aina nne tayari: `dist` kwa mji mkubwa zaidi, `distcap` kwa mji mkuu, na `distw` pamoja na `distwces` zenye mizani. Tofauti kati ya mbili za mwisho ni ya maana. `distw` hutumia wastani wa kawaida wa umbali; `distwces` hutumia wastani wa kinyume, ambao huipa nguvu miji iliyo karibu. Kwa kuwa biashara yenyewe hupungua takribani kwa uwiano wa kinyume na umbali, hiyo ya pili ndiyo inayoendana na modeli. Ukiwa na haraka ya kuchagua, chagua hiyo.

Dalili: mpaka unaonekana kama ukuta

Huu ndio mtego maarufu kuliko yote. Mwaka 1995 John McCallum, akitumia data za 1988, alionyesha kwamba majimbo ya Kanada yalifanya biashara kati yao mara 22 zaidi ya yalivyofanya na majimbo ya Marekani yenye ukubwa na umbali uleule. Kizigeu chake kilikuwa 3.09, na e kwa kipeo cha 3.09 ni 22. Namba hiyo haikutokana na makosa ya hesabu, ila mlinganyo ulikosa kitu.

Kilichokosekana ni ukinzani wa pande zote. Biashara ya nchi mbili haitegemei kizuizi kilicho kati yao peke yake, bali kizuizi hicho kikilinganishwa na vile ambavyo kila moja hukumbana navyo kwa washirika wengine wote. Australia na New Zealand huuziana kuliko kilomita zinavyotabiri kwa sababu zote mbili ziko mbali na kila mtu mwingine. Kanada nayo, kwa kuwa ni uchumi mdogo kando ya mkubwa, mpaka huzuia sehemu kubwa sana ya soko lake, na biashara inayozuiwa hurudi ndani. Anderson na van Wincoop waliporekebisha hilo mwaka 2003, mpaka uleule ulibaki kupunguza biashara ya Marekani na Kanada kwa takribani asilimia 44.

Hatua za kurekebisha:

1. Weka kigeu cha 0 na 1 kwa kila nchi inayouza kwa kila mwaka, na kingine kwa kila nchi inayonunua kwa kila mwaka. Kigeu cha nchi pekee hakitoshi, kwa kuwa ukinzani hubadilika kila mwaka.
2. Ondoa pato la taifa, idadi ya watu na fahirisi za bei kwenye mlinganyo. Vigeu hivyo vya 0 na 1 vimekwisha kuzimeza. Wanaogawanya thamani ya biashara kwa mfumuko wa bei wa Marekani waache pia. Ni jasho la bure.
3. Ongeza biashara ya ndani ya kila nchi, pamoja na umbali wa ndani.
4. Soma kizigeu kwa njia sahihi. Kigeu cha mpaka chenye -0.58 hakimaanishi asilimia 58. Toa 1 kwenye e kwa kipeo cha -0.58 na utapata -0.44.

Hatua ya tatu ndiyo watu huikosea. Umbali wa ndani si sifuri, wala si kilomita 1 iliyowekwa ili logi isilalamike. Kanuni ya kawaida ni 0.67 mara kipeuo cha pili cha eneo gawanya kwa pai: nchi ya kilomita za mraba 300,000 hupata kama kilomita 207. Ukiweka 1 badala ya 207, modeli itatarajia biashara ya ndani kubwa zaidi ya mara mia, na athari ya mpaka itafutika. Ukikuza umbali wa ndani kupita kiasi, mpaka utavimba. Kanuni hii ya eneo pia huziumiza nchi ambazo watu wake wamejazana kona moja na kuacha jangwa tupu. Kwa hizo, pima umbali wa ndani kwa njia ileile ya miji na mizani uliyotumia nje. Rula moja kwa pande zote mbili, ndiyo siri.

Dalili: usafiri umekuwa nafuu lakini kizigeu cha umbali hakishuki

Ukikadiria mwaka kwa mwaka, unaona -0.9 inang'ang'ania au hata inaongezeka ukubwa. Kwanza, kizigeu hiki kinapima mteremko tu. Gharama ikipungua kwa asilimia ileile kwa safari fupi na ndefu, mteremko haubadiliki hata kidogo, ingawa kila mtu amenufaika. Pili, data za biashara ya nje peke yake hazina cha kulinganisha nacho: zinajua kwamba mbali ni ghali kuliko karibu, hazijui kwamba nje imekuwa nafuu kuliko ndani. Ingiza biashara ya ndani, ruhusu athari ya umbali wa nje ibadilike kila mwaka ikilinganishwa na ile ya ndani, na kushuka kutajitokeza.

Dalili: matokeo yanabadilika ukihama kutoka dola kwenda mamilioni ya dola

Mtu ameongeza 1 kabla ya kuchukua logi ili asipoteze sifuri. Biashara ya dola 500 huwa 6.2 ikiandikwa kwa dola, na 0.0005 ikiandikwa kwa mamilioni. Kigezo kinachotegemea kipimo hicho si kigezo.

Kuzitupa sifuri nako ni kosa, maana jozi zisizouziana ndizo zenye vizuizi vikubwa zaidi, na katika takwimu za dunia nzima jozi za namna hiyo ni nyingi mno. Tumia makadirio ya Poisson, kama Santos Silva na Tenreyro walivyopendekeza mwaka 2006: biashara hubaki kama ilivyo upande wa kushoto, sifuri hukaribishwa, na upotofu unaotokana na logi pale mtawanyiko wa makosa usipokuwa sawa huondoka. Programu ikikataa kufikia jibu, tafuta nchi ambayo haijauza chochote mwaka huo. Kigeu chake hukimbilia kutoa isiyo na mwisho. Iondoe kwa mwaka huo. Makosa sanifu (kipimo cha mashaka ya makadirio) yakusanye kwa jozi.

Lakini tofautisha sifuri na pengo. Comtrade, hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa, haiandiki sifuri. Safu haipo tu. Ikiwa nchi inayonunua imeripoti mwaka huo na muuzaji fulani hayumo, andika 0. Ikiwa nchi zote mbili hazikuripoti, acha wazi. Kuna pia pengo la ripoti za pamoja: Ubelgiji na Luxembourg ziliripoti kama kitu kimoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, na anayezitenga kwa miaka ya nyuma hubuni data.

Dalili: A inasema imeuza 100, B inasema imenunua 160

Tofauti ndogo ni ya kawaida. Mauzo huandikwa kwa FOB, bandarini pa kuondokea, na manunuzi kwa CIF, yakiwa na nauli na bima. IMF ilikuwa ikikisia tofauti hiyo kwa asilimia 10, baadaye ikaishusha hadi 6. Tofauti ya 60 si nauli. Angalia kwanza bandari za kupitia: muuzaji huandika mahali pa mwisho anapopajua, mnunuzi huandika nchi ya asili. Shehena inayoshushwa Rotterdam kwenda Ujerumani inaweza kuandikwa kuwa imeuzwa Uholanzi. Ya pili kukaguliwa ni toleo la misimbo ya HS (misimbo ya kimataifa ya kuainisha bidhaa), ambalo hubadilika kila miaka michache (2012, 2017, 2022). Nchi mbili zinaweza kuwa kwenye matoleo tofauti.

Chagua ripoti za mnunuzi kama msingi, kwa kuwa forodha hukagua zaidi panapotozwa ushuru. Na tafadhali, usigawanye CIF kwa FOB ya upande wa pili ukaita jibu "gharama ya usafiri". Uwiano huo umejaa makosa ya kuandika kuliko nauli; mara nyingine hutoka chini ya 1, kana kwamba meli ilimlipa msafirishaji.

Dalili: kizuizi kilichokisiwa kinatoka hasi, au kikubwa kisichoaminika

Hapa unatumia fahirisi ya Head na Ries: zidisha biashara ya pande mbili, gawanya kwa biashara ya ndani ya nchi ya kwanza mara ya ndani ya nchi ya pili, kisha chukua kipeuo cha pili. Tuseme A inaiuzia B 40, B inaiuzia A 90, ya ndani ni 2,000 na 4,500. Jibu ni 0.02. Ili kuligeuza kuwa sawa na ushuru unahitaji sigma, yaani wepesi wa wanunuzi kubadilisha bidhaa ya nchi moja kwa ya nyingine. Sigma ikiwa 5 unapata ushuru wa asilimia 166. Ikiwa 8, asilimia 75. Ikiwa 10, asilimia 54. Biashara ni ileile na data ni ileile. Ndiyo maana kutoa namba moja bila kutaja sigma ni sawa na kutaja bei bila kutaja sarafu. Mabadiliko ya miaka huaminika zaidi kuliko kiwango chenyewe.

Biashara ya ndani ikitoka hasi, karibu kila mara umetoa mauzo ya nje kwenye pato la taifa. Pato la taifa ni thamani iliyoongezwa. Mauzo ya nje ni thamani yote, pamoja na vipuri vilivyoagizwa. Singapore na Hong Kong huuza nje zaidi ya pato lao zima. Tumia thamani ya jumla ya uzalishaji kutoka majedwali ya viwanda, na uondoe bidhaa zinazopita tu kwenda kuuzwa kwingine.

Dalili: nchi yenye ushuru mkali inaonekana huru

Wastani wa ushuru umepimwa kwa uzito wa manunuzi. Bidhaa moja inatozwa asilimia 2 na kununuliwa 98. Nyingine inatozwa asilimia 150 na kununuliwa 2. Wastani wenye uzito ni karibu 5, wa kawaida ni 76. Ushuru unaoua biashara kabisa hupata uzito wa sifuri na kutoweka. Tumia uzito wa biashara ya dunia kwa bidhaa hiyo badala ya manunuzi ya nchi yenyewe. Hakikisha pia unasoma kiwango kinachotozwa kweli, si kile cha juu kilichoahidiwa WTO, na kwamba tozo za dola kwa kilo zimegeuzwa kuwa asilimia badala ya kuachwa tupu.

Dalili: programu inafuta kigeu chako

Kutokuwa na bahari, kuwa kisiwa, ushuru usiobagua: kila kinachofanana kwa washirika wote wa nchi humezwa na kigeu cha nchi na mwaka. Ukiweka na kigeu cha jozi ili kupima mkataba wa biashara huria, umbali nao hufutwa, na hiyo si hitilafu. Kurudisha kigeu cha nchi, kizidishe na kigeu cha mpaka katika data zenye biashara ya ndani.

Dalili: kilomita ni zilezile, biashara imeanguka

Duara kuu, yaani njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, halijui nchi kavu. Rotterdam hadi Singapore ni kama kilomita 10,500 angani, lakini meli hupita takribani maili za baharini 8,300 kwa Suez, yaani zaidi ya kilomita 15,000, au kama maili 11,800 ikizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Suez ilifungwa kuanzia 1967 hadi 1975, ikazibwa kwa siku sita Machi 2021, na kuanzia mwisho wa 2023 meli nyingi zikaanza kuikwepa. Kigeu cha duara kuu hakikuona lolote kati ya hayo.

Tumia njia za baharini za mwaka husika, na ukiweza zigeuze kuwa siku. Maili 3,500 za ziada kwa mwendo wa noti 15 (maili za baharini 15 kwa saa) ni karibu siku 10. Hummels na Schaur walikadiria kwamba siku moja ya safari ni sawa na ushuru wa asilimia 0.6 hadi 2.1, hivyo mzunguko huo ni kama ushuru wa asilimia 6 hadi 20. Makaa ya mawe hayajali. Vipuri vya kiwanda kinachosubiri vinajali sana. Kadiria kwa sekta.

Dalili: kwenye ramani ya mtandao, wabia wakubwa wako mbali kuliko wote

Algoriti ya njia fupi husoma uzito wa kiungo kama urefu. Umeipa thamani ya biashara, nayo imeona dola bilioni 500 kama barabara ndefu. Geuza kabla ya kuipa. Kinyume cha kawaida, 1 gawanya kwa biashara, huziweka nchi kubwa karibu na kila mtu kwa ukubwa wao tu; kwa hiyo gawanya kwanza biashara ya jozi kwa ile ambayo ingetarajiwa, yaani jumla ya mauzo ya A mara jumla ya manunuzi ya B, gawanya kwa biashara yote ya mtandao.

Njia nyingine ni 1 kutoa logi asilia ya sehemu ya mauzo ya A inayokwenda B. Nusu ya mauzo hutoa 1.69, sehemu ya 0.002 hutoa 7.21. Kipimo hiki hakilingani pande zote: nchi ndogo inaweza kuwa karibu sana na kubwa huku kubwa ikiwa mbali nayo. Usikifanyie wastani ili kipendeze, kwa sababu utegemezi wa upande mmoja ndio uliokuwa ukiutafuta.

Ukipunguza viungo ili ramani isomeke, usikate kwa kiwango kimoja cha dola. Nchi ndogo zote zitaanguka. Kichujio cha tofauti, kinachouliza kama kiungo ni kikubwa kwa vipimo vya nchi yenyewe (kiwango cha 0.05 ni mwanzo mzuri), huziacha na jirani zao. Na makundi yakitoka yanafanana na mabara, hujagundua kambi za biashara: umegundua umbali. Ondoa kwanza utabiri wa modeli ya mvutano kwenye biashara halisi, kisha tafuta makundi katika mabaki.